Je, Wajua? Rangi za Majina Ndani ya Dirisha la Ukaguzi

Dirisha la ukaguzi ni zana ya waandishi wa programu inayomwezesha mtumiaji kukifungua kitu kimoja kilichomo katika kumbukumbu ya kompyuta, akakisoma, akakiuliza maswali na hata kukibadilisha huku programu ikiendelea kufanya kazi. Zana hiyo ilikomaa katika maabara ya Xerox PARC, huko Palo Alto, California, katika miaka ya 1970, pamoja na lugha ya programu ya Smalltalk iliyobuniwa na Alan Kay, Dan Ingalls, Adele Goldberg na wenzao, ambayo toleo lake la Smalltalk-80 lilifikishwa kwa umma mwanzoni mwa miaka ya 1980. Msingi wa lugha hiyo ni kwamba kila kilichomo ndani ya mfumo, kuanzia namba 3 hadi dirisha lenyewe, ni kitu, yaani taarifa zilizofungwa pamoja na kazi zinazoweza kufanywa nazo. Na kwa kuwa hakuna kilichoachwa nje ya kanuni hiyo, hata dirisha la ukaguzi linaweza kukaguliwa ndani ya dirisha jingine la aina yake.

Mfano mdogo unatosha kuionyesha kazi yake. Maneno 3 @ 4 huunda nukta ya klasi iitwayo Point, klasi ikiwa ni maelezo ya pamoja ambayo vitu vya aina moja huundwa kwayo. Nukta hiyo ikifunguliwa katika dirisha la ukaguzi, upande mmoja huonekana orodha ya majina self, x na y, upande wa pili huonekana thamani ya jina lililochaguliwa, na chini yake huwa na nafasi ya kuandika msimbo. Mtumiaji akiandika humo x * x + (y * y) na kuamuru jibu lichapishwe, atapata 25. Akiyaondoa mabano atapata 52, kwa sababu Smalltalk hutekeleza alama za hesabu kutoka kushoto kwenda kulia bila kuipa kuzidisha nafasi ya kwanza, jambo ambalo ni afadhali kuligundua hapa, mbele ya namba mbili tu, kuliko ndani ya programu ndefu.

Swali linalostahili kuulizwa ni jinsi kompyuta ilivyojua maana ya x, ilhali mtumiaji hakuitangaza popote. Jina la aina hii huitwa kigeu, kwa kuwa thamani yake inaweza kugeuka, na kitendo cha kuliunganisha jina na mahali thamani yake ilipohifadhiwa huitwa kufunga kigeu. Kompaila, yaani programu inayougeuza msimbo wa mwandishi kuwa maagizo ya mashine, hulitafuta jina kuanzia karibu kwenda mbali: kwanza miongoni mwa vigeu vya muda vilivyotangazwa mahali palepale, kisha katika vigeu vya kitu chenyewe, halafu katika vile vinavyotumiwa kwa pamoja na klasi nzima, na mwisho katika majina ya mfumo wote, ambako klasi zenyewe, kama Point, zimeandikishwa. Katika Squeak, toleo la Smalltalk lililotolewa mwaka 1996, na katika Pharo iliyochipuka kutoka kwayo mwaka 2008, msimbo ulioandikwa ndani ya dirisha la ukaguzi huchukuliwa kana kwamba ni mbinu ya muda ya klasi ya kitu kinachokaguliwa, mbinu ikiwa ni kazi mojawapo ambayo kitu kinajua kuifanya. Mbinu hiyo hutekelezwa mara moja kwa kitu hichohicho, kisha hutupwa. Kwa hiyo x hupatikana bila kutangazwa, na baada ya kompaila kumaliza kazi hakuna tena herufi x, bali agizo tu la kuchukua kilichomo katika nafasi ya kwanza ya nukta.

Hapa ndipo rangi zinapoingia. Rangi ambazo vihariri vingi huupaka msimbo hudhaniwa kuwa mapambo, na kwa maandishi ya nukuu, maelezo na namba kazi ya kuzipaka ni rahisi kweli, kwa sababu umbo la maandishi linatosha kuyatambulisha. Kwa majina, hata hivyo, umbo halisemi kitu: neno jumla linaweza kuwa kigeu cha muda katika mbinu moja, kigeu cha kitu katika mbinu nyingine, na katika ya tatu likawa kosa la mwandishi, herufi zikiwa zilezile. Kipaka rangi kinachotaka kusema kweli hakina budi kufanya utafutaji uleule unaofanywa na kompaila, tena upya kila mwandishi anapoongeza herufi, katikati ya sentensi ambazo bado hazijakamilika. Shout, kipaka rangi cha Squeak, kilikuwa na kichanganuzi chake chenyewe kwa ajili ya kazi hiyo, na kilitenga kundi maalumu kwa ajili ya majina yaliyoanza kuandikwa, ili neno Poin, ambalo bado linaweza kuwa Point, lisihukumiwe mapema. Jina lisilojulikana kabisa huonyeshwa, kwa kawaida, kwa rangi nyekundu.

Udhaifu wa mpango wa kuwa na vichanganuzi viwili, kimoja cha kompaila na kingine cha kipaka rangi, ni kwamba vinaweza kutofautiana, na dirisha la ukaguzi ndipo mahali tofauti hiyo inapojitokeza kwa urahisi zaidi. Ikiwa kompaila imeelezwa kwamba kitu kinachokaguliwa ni Point, lakini kipaka rangi hakikuelezwa, basi x itawaka nyekundu kama jina geni, na papo hapo msimbo uleule utatoa 25 bila lalamiko lolote. Kosa hilo si dogo, kwa sababu mtumiaji aliyezoea kuona nyekundu pasipo na kosa ataipuuza siku itakapokuwa ya haki. Pharo ilichukua njia iliyo bora, ya kuzipaka rangi kutoka katika mti wa sintaksia, yaani muundo wa sentensi za msimbo baada ya kuchanganuliwa, ulio wa aina ileile ambayo kompaila yake huifanyia kazi.

Linabaki kundi moja la majina lenye hila. Katika ukurasa wa majaribio, yaani dirisha la kujaribia msimbo, mtumiaji akiandika jumla := 0, yaani kuipa jumla thamani ya 0, bila kutangaza chochote, mfumo humfungia jina hilo palepale; ni msaada mkubwa kwa anayejaribu mawazo, lakini akikosea tahajia na kuandika jumal := 5, kosa hilo, likishatekelezwa mara moja, linakuwa jina halali na wekundu wake hutoweka. Shout iliyapa majina ya namna hiyo mtindo wa pekee, uamuzi wa busara, kwa sababu maisha yao ni tofauti na ya mengine: jumla huishi maadamu ukurasa umefunguliwa, ilhali agizo x := 10 lililotolewa ndani ya dirisha la ukaguzi hubaki na nguvu hata baada ya dirisha kufungwa, na kila sehemu ya programu inayoitumia nukta ile itaikuta ikiwa na 10, kwa kuwa x haikuwa ya dirisha tangu mwanzo.