Ugonjwa Uliopita Mlango wa Huruma

Sogeeni karibu, wanangu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina watu wa kweli, na wengi wao wanazungumza Kiswahili kama ninyi, ingawa chao kina ladha ya Kifaransa ndani yake. Wanaishi mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika mkoa wa Kivu Kaskazini. Mkifungua ramani, tafuteni milima ya Ruwenzori mpakani mwa Uganda. Mkivuka kidogo upande wa magharibi mtaikuta Beni, na kusini yake Butembo, mji wa wafanyabiashara.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Kongo ilitangaza kwamba Ebola imeingia Mangina, mji mdogo jirani na Beni. Kongo yenyewe ilikuwa inaujua ugonjwa huo. Ulitambuliwa huko huko mwaka 1976, katika kijiji cha Yambuku, kaskazini mwa nchi, ukapewa jina la mto Ebola. Daktari kijana Mkongo, Jean-Jacques Muyembe, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika. Aliwatoa wagonjwa damu kwa mikono mitupu, bila glavu, kwa sababu wakati ule hakuna aliyejua wanapambana na nini. Akanusurika. Likumbukeni jina lake, tutakutana naye tena.

Lakini Kivu Kaskazini haikuwahi kuipata Ebola. Wazee wa Beni waliijua malaria, waliijua surua, waliijua kipindupindu. Hii hawakuwahi hata kusimuliwa na babu zao.

Niwaeleze kwanza jinsi inavyoambukiza, maana msipolielewa hilo hamtaelewa kwa nini watu waliogopa namna ile. Virusi vya Ebola hukaa katika majimaji ya mwili: damu, matapishi, choo, jasho. Mtu akishaambukizwa anaweza kukaa siku 2 hadi 21 bila kuumwa, na katika siku hizo hamwambukizi mtu. Homa ikianza, hapo ndipo hatari inapoanza. Kadiri mgonjwa anavyozidiwa ndivyo virusi vinavyoongezeka, na akifariki, mwili wake huwa umejaa virusi kuliko wakati wowote.

Sasa jiulizeni: nani anayemshika mgonjwa anayetapika usiku? Mama yake. Nani anayefua mashuka yake? Dada, au binti wa nyumba hiyo. Nani anayeosha maiti na kuivalisha? Shangazi, majirani, watu wa kanisani au msikitini. Aliyepita barabarani bila kumgusa mgonjwa hapati kitu. Wanaougua ni waliokaa kitandani pamoja naye, wakamnywesha uji, wakamfuta jasho. Ugonjwa huu hupita mlango wa huruma, na ndiyo maana ukaitisha Beni kupita kiasi: ulitaka watu waache mambo yale yale waliyofundishwa kuwa ndiyo utu.

Baada ya tangazo, mji ulibadilika sura. Kwenye mlango wa kila duka, shule na kanisa pakawekwa ndoo ya plastiki yenye koki. Maji yake yalikuwa na klorini; yananuka, na ukinawa mara kumi kwa siku ngozi ya vidole inakauka na kupasuka. Watu wakaacha kupeana mikono, wakasalimiana kwa viwiko. Barabarani palikuwa na vizuizi ambapo abiria wote walishuka, wakanawa, kisha wakapimwa joto mmoja mmoja. Kipimajoto chenyewe kina umbo la bastola, na mpimaji hukielekeza kwenye paji la uso wako. Mfikirieni mtoto wa Beni, ambaye tangu azaliwe amesikia milio ya bunduki usiku, anasimamishwa na mtu asiyemjua anayemwelekezea kitu kama hicho usoni.

Hapa lazima niwaambie jambo ambalo wasimuliaji wengi hulipita haraka. Tangu mwaka 2014, vijiji vya pembezoni mwa Beni vilikuwa vikivamiwa na makundi yenye silaha, na raia walichinjwa kwa mamia. Watu walilia, walizika, walisubiri msaada. Mara Ebola ikaingia, na ghafla yakaja magari mengi, mahema, redio za upepo, wageni kutoka Kinshasa na nchi za mbali. Wengi wa wageni hao walizungumza Kifaransa na Kilingala, wakati watu wa pale huzungumza Kinande na Kiswahili. Wakazi wakauliza: tulipokuwa tunauawa mlikuwa wapi? Na mbona watoto wetu wanakufa kwa surua na malaria na hatuoni gari hata moja? Swali lao lilikuwa la haki. Mwaka 2019 surua iliua zaidi ya watu 6,000 nchini Kongo, wengi wao watoto wadogo, na haikuvuta magari mengi kama Ebola.

Halafu ukaja uchaguzi. Desemba 2018, siku chache kabla ya kura ya rais, tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura pamoja na nchi nzima, na mojawapo ya sababu ilikuwa Ebola. Wakati huo masoko yalikuwa wazi na makanisa yalijaa kila Jumapili. Wananchi walikasirika, na kituo kimoja cha Ebola mjini Beni kikavamiwa. Siku ya kura ilipofika, vijana wa Beni waliandaa kura yao wenyewe, ya mfano tu, watu wakapanga foleni na kunawa mikono kabla ya kupiga. Walitaka nchi ione kwamba wanajua kujikinga na bado wanataka sauti yao.

Mkiyaweka hayo yote pamoja mtaelewa kwa nini uvumi ulipata pa kuota. Watafiti waliowahoji wakazi wa Beni na Butembo mwezi Septemba 2018 walikuta kwamba takriban mtu 1 kati ya 4 haamini kama Ebola ipo kweli. Wengine walisema ni biashara ya wakubwa. Wengine walisema kwenye kituo cha matibabu watu wanapelekwa kufa. Na tazameni jinsi uvumi huo ulivyojilisha wenyewe: mtu akiogopa kituo, anajificha nyumbani hadi azidiwe, akipelekwa siku ya sita au ya saba, anafariki, majirani wanasema, "Mmeona? Aliingia akitembea, akatoka ndani ya mfuko." Na nyumbani alikojificha ameshawaambukiza watatu.

Hofu ikageuka hasira. Februari 2019 vituo viwili vya matibabu, Katwa na Butembo, vilishambuliwa na kuchomwa moto ndani ya wiki moja. Tarehe 19 Aprili mwaka huo watu wenye silaha waliingia hospitalini Butembo wakamuua Dk. Richard Mouzoko, daktari kutoka Kamerun aliyekuwa ametumwa na Shirika la Afya Duniani. Alikuwa ameacha familia yake kuja kuwatibu watu wa nchi nyingine. Sina namna ya kulilainisha hilo, wanangu, na sitaki kulilainisha.

Mimi nasema kosa kubwa lilikuwa kuanza na magari kabla ya maelezo. Lakini watu wa afya nao walijifunza, na hapa ndipo hadithi inapoanza kunipa nguvu.

Hebu tutazame chumba cha mgonjwa. Zamani mgonjwa wa Ebola aliingizwa ndani ya hema lililofungwa. Ndugu zake walibaki nje ya uzio wakiona watu wa kutisha wakiingia na kutoka: mabuti ya mpira, suti nzima, aproni, glavu jozi mbili, barakoa, miwani mikubwa. Hata macho hayaonekani vizuri. Kwa hiyo wahudumu huandika majina yao kwa kalamu ya wino mzito juu ya vazi, ili mgonjwa ajue anayemhudumia ni nani. Ndani ya suti hiyo joto ni kali mno, na mhudumu hawezi kukaa muda mrefu. Kuivua ni kazi ya hatari kuliko kuivaa: anasimama mahali maalumu, mwenzake anampulizia klorini na kumwelekeza hatua kwa hatua, ananawa glavu kila baada ya kuvua kipande kimoja, kwa sababu kujigusa jicho mara moja tu kunatosha.

Beni wakaleta chumba cha namna nyingine, chenye kuta za plastiki ngumu inayoonyesha ndani. Ukutani pameshonwa mikono ya vazi yenye glavu. Muuguzi aliye nje, na nguo zake za kawaida, anaingiza mikono yake humo, anamshika mgonjwa, anamrekebishia dripu, anampa kikombe cha maji. Na mama aliyesimama nje anamwona mwanawe. Anaona kwamba amekunywa. Anaona hakuna anayemchoma sindano ya kumuua. Akirudi mtaani anasimulia alichokiona, na neno la mama aliyeona lina uzito kuliko tangazo la redio.

Mazishi nayo yakabadilishwa. Mwanzoni timu zilikuja, zikafunga maiti, zikazika, zikaondoka, na mtaani ikasemwa kwamba viungo vya marehemu vinaibwa. Baadaye familia zilishirikishwa: waliruhusiwa kuuona uso wa ndugu yao, kusali, na baadhi yao kuvalishwa mavazi ya kujikinga ili washike jeneza. Kwangu mimi hilo lilipaswa kufanyika tangu siku ya kwanza.

Kulikuwa pia na chanjo, ambayo Yambuku mwaka 1976 hawakuwa nayo. Haikutolewa kwa kila mtu ovyo. Mgonjwa mmoja akithibitishwa, timu ilitafuta watu wote aliokuwa nao, kisha watu waliokuwa na watu hao, wakachanjwa wote. Kama wakulima wanavyolima ukanda kuuzunguka moto wa nyika ili ukose nyasi za kula. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Julai 2019 mchungaji mmoja aliyekuwa anaumwa alisafiri kwa basi kutoka Butembo hadi Goma, jiji kubwa linalopakana na Rwanda. Dunia nzima ilishtuka, na siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Lakini dereva na abiria wa basi lile walitafutwa, wakapatikana, wakachanjwa. Mchungaji alifariki, ila hakuna aliyeambukizwa naye Goma.

Na dawa? Hapa tunakutana tena na Dk. Muyembe. Mwaka 1995 Ebola iliupiga mji wa Kikwit, huko huko Kongo, na mtu mmoja aliyepona huko alitoa damu yake kwa wanasayansi. Katika damu hiyo walipata kinga iliyoushinda ugonjwa, wakaitumia kutengeneza dawa, na Muyembe alikuwa katika kazi hiyo. Dawa hiyo na nyingine moja zilijaribiwa Kivu Kaskazini. Agosti 2019 matokeo yalitoka: kati ya waliopewa dawa hizo wakiwa wamefika mapema, virusi vikiwa bado vichache, takriban 9 kati ya 10 walipona. Yule aliyekaa nyumbani kwa hofu alikuwa anaikimbia tiba.

Hawa nimewaweka mwisho kwa sababu nawapenda kuliko wote. Mama akiugua na ana mtoto mchanga, nani amlee mtoto huyo? Ndugu wanaogopa, maana huenda naye ameambukizwa, na ni lazima aangaliwe siku 21. Mjini Beni, kando ya kituo cha matibabu, kulifunguliwa nyumba ya kulelea watoto hao kwa msaada wa UNICEF. Walezi wake walikuwa watu waliougua Ebola wakapona. Miili yao ilikuwa na kinga, kwa hiyo waliweza kumpakata mtoto, kumlisha na kumbembeleza alale mgongoni, wakati wengine wote walilazimika kusimama mbali. Baadhi yao walikuwa wamefiwa na wazazi au watoto wao katika ugonjwa huo huo, na waliporudi mtaani kuna waliowakimbia. Bado waliamka asubuhi wakaenda kubeba watoto wa wenzao.

Tarehe 25 Juni 2020 ilitangazwa kwamba mlipuko umekwisha. Watu 3,470 walikuwa wameugua, na 2,287 kati yao walifariki. Karibu miaka mitatu baadaye, Machi 2023, ndugu wa karibu wa Ebola, ugonjwa wa Marburg, uliingia mkoa wa Kagera nchini Tanzania. Watu 6 walifariki, miongoni mwao mhudumu wa afya. Waliotangamana na wagonjwa walitafutwa na kuangaliwa kila siku, na mwanzoni mwa Juni ukatangazwa kuwa umekwisha.

Basi, wanangu, ukitangazwa ugonjwa wa namna hii kwenu, ogopeni, si aibu. Lakini mgonjwa msimfiche, na aliyepona msimkimbie. Akija mhudumu wa afya na vifaa vyake, muulizeni kila kitu mpaka muelewe, ni haki yenu. Naye akikuuliza juzi na jana ulikuwa na nani, mtajie wote, bila kumwacha hata mmoja.