Dawa ya Deni ni Kulipa

Hivi karibuni nilikuwa Ikola, Mkoa wa Katavi, kando ya Ziwa Tanganyika. Pale ufukweni boti zinapopakia dagaa na abiria, alinijia mzee mmoja na karatasi mbili mkononi. Ya kwanza ni tiketi ya ndege ya kwenda Afrika Kusini, ambayo kijana wake ametumiwa na kaka yake aliyeko huko. Ya pili ni orodha ya wahitimu wa kidato cha sita walioitwa Jeshi la Kujenga Taifa, jina la kijana huyohuyo limepigiwa mstari. Kambi aliyopangiwa ni Bulombora, Kigoma. Ndege inaondoka siku tatu kabla ya kuripoti, na tiketi yenyewe ni ya kwenda tu. Mzee akaniuliza: "Ndugu yangu, mtoto aende wapi?"

Kwanza tuitazame tiketi. Kukata tiketi ya kwenda tu si kosa. Pale Ikola kila abiria wa boti hulipa nauli ya safari moja. Ya kurudi ataitafuta hukohuko. Lakini ndege si boti. Mgeni anayekwenda Afrika Kusini kutembea hutakiwa aonyeshe tiketi ya kurudi. Akikataliwa kuingia, shirika lililombeba ndilo hutakiwa kumrudisha, na ndiyo maana huulizwa mapema kabla hajapanda. Kijana anaweza kuikosa kambi, na safari nayo akaikosa.

Sasa tuje kwenye deni lenyewe. JKT ilianzishwa mwaka 1963. Mwaka 1966 Serikali ilipoamua kuwa wasomi nao walitumikie kwa lazima, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam mwezi Oktoba. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya 300, lakini papo hapo akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Hoja ilikuwa kwamba msomi amesomeshwa kwa jasho la mkulima, hivyo hana budi kurudisha fadhila. Utaratibu huo ulisitishwa mwaka 1994, ukarejeshwa mwaka 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita. Katika miaka ya karibuni mafunzo yamekuwa ya miezi mitatu hivi.

Je, mtu akivuka mpaka deni hufutika? La hasha. Huko Korea Kusini mwimbaji mashuhuri Yoo Seung-jun alichukua uraia wa Marekani mwaka 2002, muda mfupi kabla ya kuingia jeshini. Alifungiwa mlango mwaka huohuo, na zaidi ya miaka 20 baadaye alikuwa bado anapigania viza mahakamani. Tiketi yake iligeuka kuwa ya kwenda tu kwelikweli.

Lakini tusiwalaumu wakimbiaji wote. Sheria ya Eritrea ya mwaka 1995 ilitaja utumishi wa miezi 18. Vikaja vita na Ethiopia, mwaka 1998 hadi 2000, na baada ya hapo utumishi ukaongezwa bila kikomo. Watu wameingia vijana, wakazeekea humo. Kwa kuwa kutoka nchini kunahitaji kibali, maelfu wamevuka kwa miguu kwenda Sudan na Ethiopia. Hao hawakukimbia deni. Walikimbia deni lisilolipika.

Hapo ndipo penye somo, kwa watawala na kwa watawaliwa. Utumishi wenye siku ya kuanza na siku ya kumalizika, unaomgusa mtoto wa mkubwa sawasawa na mtoto wa mvuvi, watu watanung'unika lakini watautimiza. Usio na mwisho utawajaza vijana njiani usiku.

Basi nilimjibu mzee hivi: miezi mitatu si umri. Kaka mtu aombwe asogeze mbele tarehe ya ndege, na akiweza aongeze tiketi ya kurudi. Kijana aende Bulombora kwanza, arudi na cheti chake, ambacho matangazo mengi ya ajira za vyombo vya ulinzi hukiulizia. Kisha asafiri akiwa na amani, akijua siku Afrika Kusini ikimshinda, Ikola kuna mlango ulio wazi na hakuna anayemdai.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Nami naongeza: na anayedai aseme ni kiasi gani.