Kutoa uboho: Heri kukataa mapema kuliko kugeuka mwishoni

MIONGONI mwa vitu ambavyo binadamu anaweza kumpa mwenzake akiwa hai, uboho una sifa moja kubwa: huzalishwa upya. Atoaye figo hubaki na moja maisha yake yote, ilhali mwili wa atoaye uboho hufidia kiasi kilichotolewa kwa muda wa majuma machache. Licha ya hayo, ni Waafrika wachache mno waliojiandikisha kuutoa, na wengi wanaposikia habari zake hudhani kuwa watadungwa sindano kwenye uti wa mgongo na kuachwa wakiwa viwete.

Hofu hiyo haina msingi. Hata hivyo, yako mambo mengine ambayo mtu anapaswa kuyapima kabla ya kukubali, na lililo zito zaidi halihusu maumivu hata kidogo.

Uboho ni ute laini uliomo ndani ya mifupa. Humo ndimo zinamotengenezwa chembechembe nyekundu za damu zinazosafirisha oksijeni, zile nyeupe zinazopambana na maradhi, na zile zinazogandisha damu mtu anapojikata. Zote huzaliwa na chembechembe chache ziitwazo seli shina. Saratani ya damu inapoingia humo, au mtu anapozaliwa na kasoro ya damu kama vile selimundu, mojawapo ya njia za kumtibu ni kumpandikizia seli shina kutoka kwa mtu mwenye afya. Daktari Mmarekani E. Donnall Thomas, aliyechapisha matokeo ya majaribio yake ya kwanza mnamo 1957, alituzwa Nobeli mwaka 1990 kwa kazi hiyo.

Tatizo kubwa ni kumpata mtoaji anayefaa. Wengi hufikiri kwamba kinachohitajika ni watu wawili wawe wa kundi moja la damu. Sivyo. Kinachotazamwa ni alama za chembechembe zinazojulikana kwa kifupi kama HLA, ambazo mfumo wa kinga hutumia kutambua kilicho cha mwili na kilicho kigeni. Alama hizo zikitofautiana sana, chembechembe za mtoaji zinaweza kuushambulia mwili wa mgonjwa.

Mtoto hurithi nusu ya alama hizo kwa baba na nusu kwa mama. Kwa hiyo, kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kikamilifu na mgonjwa. Ndugu waliochangia baba pekee kwa kawaida hawavuki nusu. Ni kweli kwamba siku hizi baadhi ya hospitali hutumia hata mzazi au mtoto anayelingana nusu, lakini utaalamu huo haupatikani kila mahali.

Asiye na ndugu anayefaa hulazimika kutafutiwa mtu wa mbali. Mwaka 1974, Shirley Nolan alianzisha jijini London daftari la watu waliokuwa tayari kumpa uboho mgonjwa wasiyemjua. Alikuwa akimtafutia mtoaji mwanawe, Anthony, ambaye aliaga dunia mwaka 1979 bila kumpata. Daftari hilo lingalipo, na leo madaftari ya aina hiyo duniani yana majina zaidi ya milioni 40.

Wingi huo haumfaidi kila mgonjwa kwa usawa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014 ulionyesha kuwa mgonjwa mwenye asili ya Ulaya alikuwa na nafasi ya asilimia 75 ya kupata katika daftari la nchi hiyo mtoaji anayelingana naye kikamilifu. Kwa Mmarekani Mweusi, nafasi hiyo ilikuwa asilimia 19. Sababu ni mbili: alama za HLA za watu wa asili ya Afrika zina aina nyingi zaidi, na waliojiandikisha ni wachache. Afrika Kusini ilianzisha daftari lake mwaka 1991, na Nigeria ikafuata mwaka 2012. Mkenya anayeishi ughaibuni anaweza kujiandikisha huko aliko. Shirika lenye jina la Anthony Nolan huko Uingereza huwapokea wenye umri wa miaka 16 hadi 30, kwa kuwa seli za vijana huleta matokeo bora.

Kujiandikisha ni jambo la dakika chache. Mtu hujibu maswali kuhusu afya yake, kisha husugua kijiti chenye pamba ndani ya shavu. Huenda asiitwe kamwe. Akiitwa, hupimwa damu na afya yake kwa jumla.

Kuna njia mbili za kutoa. Katika ya kwanza, ambayo ndiyo hutumika zaidi, mtoaji hudungwa dawa kwa siku nne au tano ili seli shina ziongezeke na kuingia katika damu. Kisha damu hupitishwa kwenye mashine inayochuja seli hizo na kumrudishia iliyobaki, shughuli inayochukua saa kadhaa. Dawa hiyo huweza kuleta maumivu ya mifupa na ya kichwa, ambayo hupungua baada ya siku chache.

Katika njia ya pili, mtoaji hulazwa kwa nusukaputi, na uboho hufyonzwa kwa sindano kutoka mfupa wa nyonga upande wa nyuma. Uti wa mgongo hauguswi. Akizinduka, huhisi uchovu na maumivu ya kiuno kwa siku kadhaa.

Wakati mtoaji anajiandaa, mgonjwa naye hupewa tibakemikali kali, na pengine miale, ili kuuangamiza uboho wake mbovu. Hatua hiyo ikishaanza, hana pa kurudi. Mwili wake hauna tena uwezo wa kujitengenezea damu ya kutosha, na maambukizi madogo tu yanaweza kumuua. Mtoaji akibadili nia siku hizo, huenda mgonjwa akafariki.

Ingawa hakuna awezaye kumlazimisha mtoaji, wakati wa kutumia haki ya kukataa ni kabla ya hatua hiyo. Ni vyema azungumze mapema na mwenzi wake kuhusu shughuli hiyo, amwombe mwajiri ruhusa, na amuulize daktari kila kinachomtia wasiwasi.

Jambo hili ni zito zaidi ndani ya familia. Mwaka 2023, Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, Tanzania, ilianza kuwapandikizia uboho watoto wenye selimundu, nazo familia nyingi za Kenya zimekuwa zikisafiri hadi India kwa matibabu kama hayo. Jamaa wanaweza kuandaa harambee na kupata nauli na ada ya hospitali, lakini hawawezi kuchanga ridhaa ya mtu. Ndugu aliyepatikana kuwa anafaa anapaswa kuhojiwa faraghani, na daktari asiyemhudumia mgonjwa, bila wazazi wala wajomba kumkodolea macho. Akikataa hapo, madaktari wana muda wa kutafuta njia nyingine. Akikubali, basi ajue kwamba ahadi ni deni.