Je, Wajua? Mfupa Unapokishika Chuma

Hebu sogea hapa kwenye benchi, ndugu yangu wa Kidugala. Leo ni zamu ya nyonga.

Je, wajua kwamba nyonga bandia za mwanzoni zilichongwa kwa pembe za ndovu? Daktari Themistocles Gluck aliziweka huko Berlin mwaka 1891, enzi ambazo Bagamoyo na Zanzibar zilikuwa masoko makubwa ya pembe. Na wamisionari walioanzisha misheni ya Kidugala? Shirika lao nalo lilikuwa la Berlin!

Pembe haikuishia hapo. Kule Burma, daktari San Baw alianza mwaka 1960 kwa kumtibu mtawa wa Kibudha wa miaka 83, akaja kuwawekea nyonga za pembe wagonjwa zaidi ya 300.

Saruji ya kushikilia nyonga je, unajua ilitoka wapi? Kwa madaktari wa meno! John Charnley wa Uingereza aliiazima huko, na Novemba 1962 akakutanisha kichwa cha chuma cha milimita 22 na kikombe cha plastiki ngumu. Kabla ya hapo alijaribu Tefloni, ileile ya vikaango visivyogandisha. Ikasagika vibaya.

Sasa sikiliza hili. Mwaka 1985 ikaja nyonga isiyotaka saruji kabisa: chuma kilichopakwa madini yaleyale yaliyomo kwenye mifupa na meno yako. Mfupa ukiyagusa huyapokea kama ndugu, hukua na kukikumbatia chuma. Katika nyonga ya Corail ya Ufaransa, utando huo una mikromita 155 tu, unene wa nywele mbili hivi! Madini hayo hurushwa juu ya chuma kwa gesi yenye joto la zaidi ya nyuzi 10,000. Uso wa jua haufiki hapo.

Tena mwili huula utando huo polepole. Ukija kuisha, mfupa umeshashika chuma chenyewe. Wanorwei walizifuatilia Corail: baada ya miaka 15, mashina, yaani vyuma vinavyoingia ndani ya mfupa wa paja, 97 kati ya 100 yalikuwa bado yamesimama imara. Msumbufu zaidi ni kikombe, maana plastiki hulika.

Kwa nyonga za kila aina, 58 kati ya 100 hufikisha miaka 25. Piga hesabu: mguu mmoja hukanyaga kama mara milioni moja kwa mwaka, na kila ukikanyaga nyonga hubeba zaidi ya mara mbili ya uzito wako. Ndiyo, wako wewe!

Majirani zetu wa Malawi, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, wana daftari la taifa la nyonga bandia tangu mwaka 2005. Kwetu, upasuaji huu hufanyika Taasisi ya Mifupa (MOI), Dar es Salaam. Ila ukitoka huko, choo cha kuchuchumaa kisubiri kwanza. Nyonga mpya inaweza kuchomoka.

Na Charnley? Aliwaomba wagonjwa wake kwamba wakifa, nyonga zitolewe arudishiwe, apime zimelika kiasi gani. Wengi wakakubali!