Buibui Anayemchagua Mbu Aliyeshiba Damu

Jumapili ndiyo siku ambayo familia nyingi za wafanyakazi hupata nafasi ya kuisafisha nyumba. Magodoro huanikwa juani, vyombo husogezwa, na ufagio uliofungwa kwenye mti mrefu hupitishwa juu ya kuta na pembe za dari. Katika kazi hiyo hufa buibui wengi, wala hakuna anayewaulizia. Leo tungependa kumwombea buibui mmoja dakika chache za kusikilizwa kabla ufagio haujapita.

Buibui huyo ni mdogo, urefu wake nusu sentimita hivi. Rangi yake ni ya kahawia, na uso wake una wekundu, hasa uso wa dume. Makao yake ni kandokando ya Ziwa Victoria, katika nchi za Kenya na Uganda, kwenye mashina ya miti, katika majani, na ndani ya nyumba za watu. Vizazi na vizazi viliishi naye chini ya paa moja, lakini katika vitabu vya wataalamu hakuwa na jina. Jina alilipata mwaka 2003, wakati Wanda Wesołowska wa Poland, bingwa wa buibui wa Afrika, na Robert Jackson wa Chuo Kikuu cha Canterbury huko New Zealand, walipomwandika kwa mara ya kwanza na kumwita Evarcha culicivora. Neno hilo la pili limetolewa katika Kilatini, na maana yake ni mla mbu.

Huenda ukauliza, itakuwaje kiumbe aliyekuwa ukutani siku zote aambiwe kuwa ni mpya? Upya huo si wa kuzaliwa, ni wa kutambuliwa. Dunia ina aina zaidi ya 6,000 za buibui warukao, na wengi wao wanafanana kwa macho ya mtu wa kawaida. Mtaalamu akimpata anayemtilia shaka humhifadhi katika spiriti, akamweka chini ya hadubini, akachunguza viungo vya uzazi vya jike na vile viungo viwili vifupi vilivyo mbele ya uso wa dume, kwa maana viungo hivyo hutofautiana baina ya aina na aina. Kisha humlinganisha na wale waliohifadhiwa katika majumba ya makumbusho na na maandishi yote yaliyotangulia. Asipofanana na yeyote, huchorwa, huelezwa, hupewa jina, na mmoja wao huwekwa makumbusho awe kielelezo cha kudumu, ili atakayebisha miaka mia ijayo aende akamtazame. Ni kazi ya subira, isiyokuwa na shangwe.

Wazee wa pwani walitukanya tukiwa wadogo tusiue buibui, wakakumbusha kile kisa cha utando uliofumwa mlangoni mwa pango alimojificha Mtume. Lakini buibui warukao hawategi windo kwa utando. Hao ni wawindaji wa miguu. Wana macho manane, na mawili ya mbele ni makubwa mno kwa kadiri ya mwili wao, yanaona vitu vidogo kwa uwazi ambao wadudu wengi hawana. Macho mengine hulinda pande zote. Buibui huyu akiona kinachotikisika nyuma yake, hugeuka mwili mzima akakitazama kwa yale macho makubwa, ndipo akate shauri. Akitaka kuruka husukuma damu miguuni kwa nguvu na ghafla, miguu ya nyuma ikanyooka, naye akafyatuka. Kabla ya kuruka hubandika uzi mwembamba pale alipo, kama fundi wa minazi anavyojifunga kamba, ili akikosea asianguke mbali.

Haya yote ni sifa ya ukoo mzima. Sifa ya huyu wa ziwani ni chakula chake. Robert Jackson na wenzake walimchunguza huko Mbita Point, katika kituo cha ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa mwaka 1970 na mwanasayansi wa Kenya, Thomas Odhiambo. Aliyepata kukaa ufukweni mwa ziwa lile anawajua wale vijidudu wasiouma wanaopanda kutoka majini kwa wingi kama moshi, wakatua kwenye kuta na taa hata ukuta ukabadilika rangi. Kwa buibui mwenye njaa hiyo ni karamu isiyo na gharama. Hata hivyo huyu huwapita vijidudu hao kwa mamia akitafuta mbu. Wala si kila mbu. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2005, Jackson, Ximena Nelson na Godfrey Sune walionyesha kwamba alipopewa nafasi ya kuchagua alimwacha mbu dume, akamwacha na mbu jike aliyelishwa sukari tu, akamfuata mbu jike mwenye tumbo lililojaa damu. Alichagua hivyo kwa kuona peke yake, na alipozuiwa kuona alichagua vivyo hivyo kwa kunusa.

Watafiti hawakuishia hapo. Walichukua mbu waliokufa, wakawatenganisha, wakaunganisha kichwa na kifua cha mbu mmoja na tumbo la mwingine: huyu ana vipapasio vyenye manyoya vya dume lakini tumbo jekundu la jike aliyeshiba, yule ana vyote vya jike. Buibui alipowekwa mbele ya mizimu hiyo hakutosheka na wekundu wa tumbo. Alitazama na vipapasio pia, akampenda yule ambaye pande zote mbili zilimwambia kuwa ni jike mwenye damu. Na ubongo wake haufiki kichwa cha pini! Wako makarani wasiokagua hati kwa uangalifu huo.

Vitoto vya buibui hawa vina ujuzi wa ziada. Kama ujuavyo, mbu wa malaria, yaani anofelesi, hutua akiwa ameinua sehemu ya nyuma ya mwili juu, ambapo mbu wengine hulala sambamba na ukuta. Kitoto kikimwona mbu aliyekaa mkao huo, hakimwendei uso kwa uso. Huzunguka mpaka nyuma, kikanyemelea chini ya tumbo lililoinuliwa, kisha kikadaka kutoka chini. Mbu huruka nacho, halafu huanguka sakafuni akiwa amekwisha.

Kwa nini damu? Buibui huyu hana mdomo wa kutoboa ngozi yako na kufyonza, hivyo basi damu ya wanyama na ya watu huipata kwa mkono wa mbu. Akiisha kula windo la namna hiyo mwili wake hutoa harufu inayowavutia wa jinsia ya pili, na harufu hiyo hufifia akikosa damu. Kwa maneno mengine, mahari kwake ni mbu. Hata harufu ya binadamu anaifuata: katika jaribio lililotangazwa mwaka 2011 buibui hawa walisogelea zaidi hewa iliyopita juu ya soksi iliyovaliwa kuliko ile iliyopita juu ya soksi safi. Penye watu pana mbu walioshiba, na yeye analijua hilo.

Sasa tuje kwenye jambo linalomgusa mzazi. Mtu anaweza kusema, faida gani kumwua mbu ambaye amekwisha kuniuma? Ni swali la haki, na jibu lake liko katika maisha ya malaria yenyewe. Mbu anapomnyonya mgonjwa huchukua vimelea, lakini hawezi kumwambukiza mtu mwingine siku hiyo wala kesho yake. Vimelea vinahitaji siku 10 au zaidi kukomaa mwilini mwake, na katika siku hizo mbu huendelea kuuma na kutaga mayai mara kadhaa. Akifa katika muda huo, ugonjwa alioubeba umekufa naye. Na saa ambayo mbu mwenye damu ni mzito, ametua ukutani akisaga alichokunywa, ndiyo saa ile ile ambayo dawa ya kunyunyizia kuta ilikusudiwa kumpata. Buibui wetu anasimama pale pale.

Hata hivyo tusidanganyane. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2023 malaria iliua watu 597,000, na wengi mno kati yao ni watoto wa Afrika wasiotimiza miaka mitano. Hakuna buibui atakayeufunga mlango huo. Wapo waliosikia habari zake wakawaza kumfuga kwa maelfu na kumgawa nyumba kwa nyumba kama kuku wa mradi, lakini buibui hawa hulana wenyewe kwa wenyewe, na kila mmoja anahitaji windo lililo hai. Kwa hiyo chandarua chenye dawa kibaki kitandani, mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa siku ile ile, na maji yaliyotuama karibu na nyumba yamwagwe. Mwandishi wa makala haya anaona tu kwamba msaidizi asiyelipwa, asiyechafua ukuta na asiyemdhuru mtu, hastahili kupigwa kwa ufagio kwa sababu ya miguu yake minane.

Msomaji wa Dar es Salaam au Morogoro asimtafute mla mbu huyu chumbani mwake, kwa kuwa huyo ametajwa kwa kando za ziwa, upande wa Kenya na Uganda. Lakini ndugu zake wa mbali wako hata mijini. Yupo mmoja wa kijivu, bapa kidogo, anayekimbia kwa vituo juu ya kuta zenye jua na fremu za madirisha akinyemelea nzi. Huyo ukimkuta mchana wa leo, waite watoto. Mmoja wao asogeze kidole polepole, kwa umbali wa kama shubiri moja, akipeleke kulia na kushoto bila kumgusa. Buibui wa kawaida atakimbia. Huyu atageuka, atainua uso, na kukifuata kidole kwa yale macho mawili makubwa ya mbele.