Je, Wajua? Usukumani, mwenye mbwembwe ndiye mshindi

Waingereza na Wamarekani humbeza mwigizaji anayepiga chuku jukwaani kwa kumwita ham, yaani paja la nguruwe. Tusi hilo lilizaliwa Marekani karne ya 19, na wengi hulihusisha na waigizaji wa hali ya chini waliojifutia rangi za usoni kwa mafuta ya nguruwe.

Usukumani hesabu ni nyingine kabisa. Nenda Bujora, Kisesa, mwendo mfupi kutoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma, mwezi Juni wakati wa tamasha la ngoma la Bulabo. Hapo hukutana Bagalu na Bagika, vyama vya ngoma vilivyoanzia kwa manju wawili mahasimu, Gumha na Ngika. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na watazamaji wako huru kuhama. Aliyevuta umati mkubwa ameshinda. Basi nani atacheza kwa kiasi? Wachezaji wa ngoma ya bugobogobo hurusha majembe juu na kuyadaka bila kupoteza mdundo. Bayeye, wacheza na nyoka, hujiviringishia chatu hai shingoni. Na bado husemwa kuna samba, dawa ya kuwanasa watu wasihamie kwa jirani! (Jirani naye anayo, bila shaka.)

Ukikosa Bulabo, pita Makumbusho ya Wasukuma hapohapo Bujora, yaliyoasisiwa na Padri David Clement, Mkanada. Bagalu na Bagika wana jengo lao humo.