Mti wa Noeli: je, ni sanamu ndani ya nyumba?

Kila Desemba swali hili linarudi kwenye mikutano yetu, na safari hii limerudi na uchungu. Mama mmoja wa kikundi cha akiba alisimamisha tawi la sipresi karibu na dirisha, akalifunga puto tatu. Kijana wake wa miaka 14, aliyetoka kwenye ibada, akalitoa nje: amefundishwa kwamba ni sanamu. Baba, ambaye anasali kwenye kanisa lingine, akalirudisha ndani. Siku mbili nyumba ile hawakusemezana. Kijana alikuwa amemwita mama yake mwabudu sanamu, na neno kama hilo haliishi mwezi wa Noeli ukiisha.

Wanaokataa mti wanafungua kitabu cha Yeremia, sura ya 10. Hawakubuni: ni kweli nabii anasema pale juu ya mti unaokatwa porini kwa shoka, unaopambwa kwa feza na dhahabu, unaokazwa kwa misumari ili usianguke. Tunawaomba wamama wasiishie kwenye mstari wa nne. Waendelee kidogo tu. Nabii anasema kitu hicho hakisemi, hakitembei, lazima kibebwe, tena kinavikwa nguo za zambarau. Ni kazi ya fundi, sanamu iliyochongwa ili watu waipigie magoti na kuiogopa. Isaya, katika sura ya 44, analisema jambo hilohilo kwa namna ambayo kila mpishi ataielewa: mtu anakata mti, nusu anawasha moto na kupika mkate, nusu nyingine anachonga mungu na kumwomba amwokoe. Kosa halikuwa kwenye mti. Ule uliopikia mkate ulikuwa mti uleule.

Basi swali la kuuliza nyumbani ni rahisi: kuna mtu anaomba kitu kwa tawi hili? Kama hakuna, Yeremia hasemi juu yenu.

Wengine wanasema mti ulitoka kwa wapagani wa Ulaya. Ni kweli watu wa kale wa Ujerumani waliheshimu miti. Askofu Boniface aliukata mwaloni wao mmoja mtakatifu kati ya mwaka 723 na 724. Lakini maandishi juu ya mti wa Noeli yanakuja karne nyingi baadaye, kati ya Wakristo, upande wa Alsace. Kule Sélestat, hesabu za mji za mwaka 1521 zinataja malipo kwa walinzi wa msitu wakati wa Noeli, ili watu wasikate miti ovyo. Kule Strasbourg, mwaka 1605, mtu mmoja aliandika kwamba watu wanaweka miti sebuleni na kuitundika maua ya karatasi, matofaa, mikate myembamba na sukari. Matofaa yalikuwa na sababu yake: tarehe 24 Desemba ilikuwa siku ya kuwakumbuka Adamu na Eva, na watu walicheza mchezo wa bustani ya Edeni, wenye mti na matunda yake. Kwa Wakatoliki, mti mkubwa unasimamishwa kwenye uwanja wa Mtakatifu Petro kule Roma tangu mwaka 1982 tu, wakati wa Papa Yohane Paulo wa Pili. Kwa hiyo hata huko si desturi ya mitume.

Tarehe yenyewe pia haimo katika Injili. Roma walikuwa wameandika 25 Desemba katikati ya karne ya nne; Wakristo wa Misri na Ethiopia wanasherehekea tarehe 7 Januari. Na hapa kwetu, ndugu zetu Wakimbangu wameacha Desemba kwa zaidi ya miaka 20 sasa. Noeli yao ni tarehe 25 Mei, siku aliyozaliwa Dialungana, mtoto wa pili wa Simon Kimbangu. Makanisa mengine hayakubaliani nao, na hatutamaliza shindano hilo kwenye ukurasa huu. Mashahidi wa Yehova hawasherehekei kabisa. Wote hao ni majirani zetu, tunachota nao maji kwenye bomba moja.

Wamama wazee wanakumbuka pia kwamba mwaka 1974 utawala wa Mobutu uliifuta Noeli kwenye orodha ya sikukuu za nchi. Tarehe 25 Desemba ikawa siku ya kazi kama nyingine. Miaka miwili kabla ya hapo, majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa. Waulizeni: watu walisali bila ruhusa ya kazi na bila mapambo, na bado walijua wanakumbuka nini.

Kwa maoni yetu, mahali ambapo desturi za Noeli zinapigana kweli na imani si kwenye tawi. Ni kwenye mfuko. Vikundi vingi vya AVEC vinagawana akiba mwezi huu, na mara nyingi franga zinatoka mkononi kabla ya Bonane: kikwembe kipya kwa sababu jirani amenunua, kreti za bia, nguo za watoto zilizochukuliwa kwa deni, mti wa plastiki wenye taa wakati umeme wenyewe unakuja usiku wa manane. Januari inafika, minervali ya sekondari inadaiwa, na mama anarudi kukopa kwenye kikundi kilekile kilichomlipa wiki tatu zilizopita. Watoto wanaona hayo yote. Wanajifunza kwamba Yesu alizaliwa ili tushindane na nyumba ya pili. Hapo mchungaji akikemea, tutasema amina kwa sauti.

Kuna nyumba ambazo mwaka huu zina familia ya wakimbizi chumbani, watu kumi kwenye sufuria moja. Huko hakuna anayebishana juu ya mti.

Kwa nyumba yenye makanisa mawili, Paulo amelisemea jambo hili katika barua kwa Waroma, sura ya 14: mmoja anaiheshimu siku fulani, mwingine anaona siku zote sawa, na asiwepo wa kumhukumu mwenzake. Bwana na mama wakae wawili kwanza, kabla watoto hawajasikia. Waamue pamoja kama tawi litakuwepo au la. Likimkwaza mmoja sana, liachwe. Nyumba haikosi kitu. Likikubaliwa, mtoto aelezwe ni pambo, kama maua mezani siku ya ndoa. Na kijana aliyefundishwa tofauti asipigwe wala kuchekwa. Asomewe Yeremia 10 yote, polepole, kisha aulizwe ameelewa nini. Lakini neno alilomwambia mama yake alirudie kwa kuomba msamaha.

Anayekata tawi akate la pembeni, asikate kichwa cha mti. Sipresi changa ikikatwa kichwa huchipuka pembeni, inapoteza unyofu wake na haitafaa tena kwa mbao.